Stesheni ya Iyunga ni yetu pia sisi watu wa Kyela

Mhariri, habari za kazi.

Makala yenu ya historia ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, nimeisoma yote mpaka mwisho nikitafuta kitu kimoja tu, abiria, sijawaona. Mmeeleza vizuri Nyerere na Kaunda, mkataba wa Beijing wa 1967, Ian Smith na serikali yake ya wazungu walivyojitangazia uhuru kule Rhodesia (Zimbabwe ya leo) 1965 ikawa shida Zambia kupitisha shaba yake huko, ujenzi kuanza 1970 na reli kukabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi kule Zambia. Yote kweli na watoto wetu wayajue. Ila stesheni ya Mbeya pale Iyunga haikuishi kwa shaba peke yake.

Mimi ni wa Kyela. Kwetu ziwa lipo, bandari ya Itungi ipo, reli haipo, kwa hiyo stesheni yetu watu wa Ziwa Nyasa ndo ilikuwa hiyo ya Iyunga, zaidi ya kilomita mia kutoka nyumbani, unapanda basi asubuhi na jasho la Kyela, ukifika Tukuyu ushavaa sweta, halafu ukishuka Mbeya uanze tena kutafuta gari la kukubebea magunia mpaka stesheni. Mama yangu alikuwa anapeleka mchele Dar miaka ya 80, yeye na wenzake wawili, mmoja analala juu ya magunia, mmoja yupo foleni ya tiketi, mmoja anatulisha sisi watoto viporo, na treni ikichelewa mnaweza kukaa pale mpaka kesho yake na baridi ile ya Mbeya.

Lakini ikija jamani! Tulikuwa tunagombea dirisha. Ikitoka hapo inapandisha mpaka Uyole ambako ndo reli nzima inafika juu kuliko kote, karibu mita 1,790, kisha Chimala, Rujewa, Makambako, halafu ndo yanaanza mahandaki mpaka Mlimba, tunayahesabu kwa kelele mpaka tunagombana hesabu, na Mlimba mama ananunua ndizi. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye ule mchele, sisahau.

Baba mdogo wangu naye alivunja kokoto wakati reli inajengwa, kijana wa JKT, mpaka anafariki alikuwa anajua kuhesabu Kichina moja mpaka kumi. Vijana kama yeye walikuwa maelfu, kwenye makala wametajwa kama "nguvu kazi" basi.

Sasa tangu 2024 Tanzania, Zambia na China waliposaini kule Beijing kwamba reli ifufuliwe, nafurahi sana kwakweli, ila nina hofu na vitu vya zamani pale stesheni. Kuna mizani ya chuma tuliyokuwa tunapimia magunia, mama alikuwa anaikodolea macho kama hakimu. Kama bado ipo naomba isiuzwe chuma chakavu, iwekwe pale pale abiria wanapoingia, na pembeni wabandike picha za wale waliojenga na wale wamama wa magunia.

Na nyie mhariri tumeni mwandishi. Mama yupo Ipinda, anakumbuka mpaka bei ya tiketi ya daraja la tatu. Ila aje kabla ya mavuno, mpunga ukishaiva mama humkuti nyumbani.

Msomaji wenu,
Mbeya