Nimeshatoa damu, mume wangu hajui

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 41, naishi Morogoro, na mimba yangu ina wiki 14. Mtoto wetu wa mwisho yuko darasa la sita. Kitanda cha mtoto tulishagawa zamani. Baada yake mimba mbili ziliharibika.

Wiki mbili zilizopita nilipimwa altrasaundi, daktari akakawia sana kwenye shingo ya mtoto. Akasema maji ya nyuma ya shingo yamezidi kidogo. Ukijumlisha na umri wangu na damu waliyopima, uwezekano wa mtoto kuwa na Down sindromu, ile hali ya kuzaliwa na kromosomu ya ziada inayochelewesha ukuaji wa mwili na akili, ni mmoja kati ya 45. Mume wangu alikuwepo. Yeye alisikia wale 44, mimi nikamsikia huyo mmoja. Tangu siku hiyo kila mtu analala na namba yake.

Daktari alieleza kuna kipimo kingine, kinachosoma vinasaba vya mimba vilivyomo kwenye damu ya mama. Damu inapelekwa nje ya nchi, na bei yake inapita mshahara wangu wa mwezi. Nacho si cha mwisho: kikionyesha tatizo, cha kuthibitisha ni kuchota maji ya uzazi kwa sindano, kuanzia wiki ya 15, na mara chache mimba hutoka. Mimi niliyepoteza mbili, nikiifikiria tu hiyo sindano tumbo linakaza.

Nyumbani mume kafunga mjadala. "Ukishajua utafanya nini?" Anadhani nataka kuitoa. Shangazi, sijawaza hivyo hata siku moja. Nimeambiwa karibu nusu ya watoto hawa huzaliwa na tatizo la moyo. Nikijua mapema nitajifungulia Dar, penye madaktari wa moyo wa watoto. Nikimweleza, anajibu Mungu hapangiwi. Wifi naye kashatangaza kwa ukoo kwamba nina mtoto wa mtindio wa ubongo, ambacho ni kitu kingine kabisa!

Basi Ijumaa nikachukua pesa zangu za kikoba, nikaenda kutoa damu. Majibu ni siku 10 hadi 14, na watanipigia mimi.

Nimwambie sasa, kabla sijajua lolote, au nisubiri simu? Yakija mazuri, najijua, nitanyamaza. Yakija mabaya, nianze kumwambia lipi: majibu, au kwamba nilikwenda bila yeye?

Mama wa wawili,
Morogoro