Risala ya Klabu ya Kemia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Sayansi Shuleni, Arusha

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Kwa niaba ya wanachama wa Klabu ya Kemia, tunakukaribisha kwa heshima zote na kukushukuru kwa kuacha shughuli zako ukaja kuona kazi zetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, maabara haiendi bila maji safi, na usafi huo ni zaidi ya ule wa maji ya kunywa. Maji ya huku kwetu hupita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, yakazoa sodiamu, bikabonati, na ile floraidi inayotia rangi ya kahawia meno ya watu wengi wa mkoa huu. Ndiyo maana klabu inayapitisha kwenye mitungi miwili ya resini, yaani punje ndogo za plastiki zinazonasa vitu vilivyoyeyuka majini. Wa kwanza hunasa ioni (chembe ndogo mno zilizobeba umeme) zenye chaji chanya na kuachia haidrojeni; wa pili hunasa zenye chaji hasi na kuachia hidroksidi. Hizo mbili zikikutana huwa maji.

Resini huchoka. Ikichoka, maji huendelea kutoka maangavu vilevile, na jicho halioni tofauti. Hapo ndipo tunapohitaji kupima upitishaji umeme, kwa kuwa ioni ndizo zinazobeba umeme majini. Maji safi kabisa, kwa nyuzi 25 za Selsiasi, husoma mikrosimensi (kizio cha upitishaji umeme) 0.055 kwa sentimita. Hayafiki sifuri, maana maji yenyewe hujigawa kidogo kuwa ioni. Kiwango cha kimataifa cha ISO 3696 kinataka maji ya daraja la tatu, yanayotosha kazi nyingi za maabara, yasizidi 5.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Arusha. Resini ya mtungi wa pili haishiki ioni zote kwa nguvu moja: salfeti hushikwa sana, kloridi hufuata, floraidi hushikwa kwa ulegevu. Resini ikikaribia kujaa, floraidi na silika, ambayo nayo hutoka kwenye miamba, huwa miongoni mwa vinavyosukumwa nje mapema. Silika karibu haigusi kipimo, lakini floraidi hukipandisha. Basi namba ikianza kupanda, hata kidogo, tunafunga bomba na kuhuisha resini, moja kwa tindikali ya haidrokloriki, nyingine kwa sodiamu hidroksidi.

Tunasoma namba pale pale maji yanapotoka, kwa sababu yakikaa wazi kwenye bika hunyonya kabonidayoksaidi ya hewani na namba hupanda bila kosa la resini. Joto nalo lina lake: kila nyuzi moja huongeza takriban asilimia 2, kwa hiyo asubuhi ya baridi ya Julai na mchana wake havilinganishwi bila sahihisho.

Wazazi wetu, tunawaomba sana mlisikie hili: kipimo hiki hakitaji ni ioni gani, na hakioni bakteria. Namba ndogo si kibali cha kumnywesha mtoto maji hayo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mita ya upitishaji umeme tunayotumia ni ya kuazima na haisahihishi joto. Tunaomba utusaidie kupata mita yetu, yenye kifaa cha kufungwa kwenye bomba, pamoja na mmumunyo sanifu wa potasiamu kloridi wa mikrosimensi 1413 wa kuihakikia. Tunaomba pia miwani na glavu za kujikinga na tindikali. Ikibidi kuchagua kati ya resini mpya na mita, tunaomba mita. Resini iliyochoka tunaihuisha wenyewe, ila lazima kwanza tujue kwamba imechoka.

Baada ya risala hii tunakuomba ufike kwenye meza yetu, ufungue bomba kwa mkono wako na usome namba ya maji ya leo.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu,
Klabu ya Kemia