Tazameni kofia ya chuma, msikimbilie swastika

Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua nitakuwa mrefu kidogo ila nivumilie.

Ile makala yenu kuhusu watu wanaokusanya beji za jeshi la Ujerumani nimeisoma mara mbili na nimeipenda, ila kuna mahali mwandishi kateleza na ataponza watu. Kasema beji ya majeruhi, ile aliyopewa askari aliyejeruhiwa vitani, ikiwa haina swastika, yaani ile alama ya Wanazi wa Hitler, basi ni feki, usinunue. Hapana jamani. Beji hiyo ilianzishwa na Kaisari Wilhelm wa Pili tarehe 3 Machi 1918, swastika ingetoka wapi wakati huo? Hitler mwenyewe, alikuwa bado askari wa kawaida tu, alipewa ya kwake nyeusi, ya daraja la chini, Mei ya mwaka huohuo na haikuwa na swastika.

Kinachotakiwa utazame ni ile kofia ya chuma iliyochorwa katikati, juu ya panga mbili zilizopishana. Ya 1918 ni kofia ya mtindo wa 1916, ukitazama vizuri ubavuni utaona kama kipembe kimechomoza, ndo pale palipokuwa na tundu la hewa. Ya 1939 ni kofia ya mtindo wa 1935, imekaa fupi, kipembe hakuna, na swastika ipo. Halafu kuna ya tatu inayochanganya wengi, kofia ya zamani yenye kipembe na swastika juu yake, hiyo ilianzia kwa Wajerumani waliojeruhiwa kwenye vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Hispania. Na ya nne ni kofia ya mtindo wa 1935 lakini swastika hakuna, hiyo ni ya 1957, maana sheria ya Ujerumani Magharibi ya tarehe 26 Julai 1957 iliwaruhusu wapiganaji wa zamani wavae nishani zao mradi swastika iwe imeondolewa. Kwenye Msalaba wa Chuma, ile nishani yao ya ushujaa, pale katikati palipokuwa na swastika wakaweka majani ya mwaloni. Sasa hiyo ya 1957 sio feki, ni halali kabisa ya wakati wake, ufeki unaanza pale mtu anapokuuzia kama ya Kaisari, na wapo wanaofanya hivo kila siku wakijua hutatazama kipembe.

Mi mwenyewe yalinikuta. Nilinunua nyeusi ya 1939, na muuzaji (simtaji) akanisifia uzito, eti shika uone ilivyo nzito, vya zamani vilikuwa vizito. Nikashika, kweli nzito, nikalipa. Nimefika nyumbani nimeigeuza nyuma nikakuta bapa, laini, na vitundu vidogovidogo kama vya povu, yaani chuma kimeyeyushwa kikamiminwa kwenye kalibu. Sasa nyeusi halisi ni bati jembamba limegongwa kwa mashine, ukiigeuza unaiona kofia imebonyea kwa ndani, sawa na kutazama kinyago kwa nyuma, na mkononi ni nyepesi. Za fedha na dhahabu za 1939 ndo kwa kawaida zilikuwa nzima hazina uwazi. Nilipomrudia akanijibu hiyo ni toleo adimu. Adimu! Bado ninayo, namwonyesha kila anayeanza.

Na rangi zenyewe mwandishi kazipita haraka, wakati ndo zina habari. Nyeusi ni kwa aliyejeruhiwa mara moja au mbili, fedha mara tatu au nne, dhahabu mara tano na kuendelea, ila aliyepoteza mkono, mguu au jicho alipewa ya fedha moja kwa moja. Kwa hiyo usishangae nyeusi kuwa nyingi kuliko zote.

Kuhusu namba za kiwanda, ni kweli zinasaidia, L/11 ni Deumer wa Lüdenscheid, 4 ni Steinhauer & Lück wa mji huohuo. Lakini kugonga namba ni kazi rahisi kuliko kutengeneza beji yenyewe, na wanaotengeneza feki wanazijua hizo namba kuliko sisi, kwa hiyo namba isikulaze usingizi, tazama kwanza pini, bawaba yake na kindoano kama vimechomelewa au vimebandikwa kwa gundi. Nyingine, beji za miaka ya mwisho ya vita ni za zinki, maana shaba na nikeli zilikuwa zinahitajika kwenye silaha, na zinki haishiki rangi vizuri, ile ya fedha inapotea inabaki kijivu kimefifia. Watu wanaiona mbaya wanaitupa, au mbaya zaidi wanaisugua ing'ae, wanaiua kabisa.

Halafu mwandishi kadai picha za wauzaji wa Ujerumani zilizobandikwa kikaratasi katikati ni dalili ya wizi. Sio wizi ndugu yangu, kule kuonyesha swastika hadharani ni kosa, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai, japo elimu na utafiti vina msamaha wake, sasa muuzaji anaifunika kujilinda.

Najua wapo wasomaji wanaoona sisi tunamtukuza Hitler. Siwalaumu, alama ile imebeba vifo vya mamilioni, na wapo wakusanyaji wanaonikera na mimi. Zangu ziko kwenye droo, kila moja na karatasi yake, sijatundika hata moja ukutani.

Ombi langu kwenu Mhariri, mkichapisha tena picha za beji msichapishe sura peke yake, wekeni na mgongo.

Msomaji wenu wa siku nyingi