Mdogo wangu, mashine ya maji bado imesimama

Mdogo wangu,

Simu zangu hupokei, basi nakuandikia hapa, na anayesoma asome.

Kisima chako ni kizuri. Hata mama angefurahi kuona maji yanatoka jikoni kwake. Ila kauli yako pale mkutanoni, chini ya mkwaju, haijanitoka. Mwenyekiti kasoma gharama ya kutengeneza pampu ya kijiji, wazee wameinama, wewe ukasimama: "Siwezi kuchangia mashine ambayo siitumii." Arobaini ya mama haijafika! Maji yote ya msiba ule, ya kupikia na ya kuoshea vyombo, kinamama waliokaa mbele yako ndio walioyabeba vichwani kutoka gatini, pale kwenye bomba la kijiji. Uliwatazamaje?

Baba alitusimulia sote: mwaka 1971 serikali ilitangaza kwamba ndani ya miaka 20 maji safi yatamfikia kila mwanakijiji, na rika lake wakashika sululu kuchimba mitaro. Maji yalikuwa bure, na mashine ikiharibika serikali inangojwa hadi vyuma vishike kutu. Sera ya Maji ya 2002 ikasema wazi kwamba watumiaji walipie uendeshaji na matengenezo. Ndiyo sababu kila ndoo ina hela yake. Sasa dizeli haishuki bei eti kwa kuwa wenye uwezo wamejitoa. Ulipojitoa wewe, wakafuata wenye maduka na wenye ng'ombe, mzigo ukabaki kwa wajane.

Unaniambia nami nilimfungia shangazi koki. Nilimfungia, ndiyo. Mimi mtunza hazina wa maji nikisamehe ndugu zangu, nani atalipa? Kanuni tulizipitisha wote. Na jioni ile nilimpelekea maji kwa ndoo niliyoilipia mwenyewe. Hilo hukuambiwa.

Eti kila mtu akiwa na bomba lake, kijiji kimeendelea. Ni kwenye foleni ya gatini watu waliulizana mbona mama hajaonekana tangu jana, wakaenda kumgongea, wakamkuta na homa kali. Mimi nilikuwa kwa mume wangu, wewe Dar.

Kiangazi hiki cha Dodoma watu wamerudi korongoni kufukua mchanga wapate maji. Wasichana wanafika shule vipindi vimeanza. Sikuambii ufukie kisima. Lipa mchango kama kaya nyingine, na kabla hujauza hata ndoo moja, fuata kibali Bodi ya Maji ya Bonde, wanaosimamia vyanzo vya maji, usituaibishe.

Mkutano ni baada ya mavuno. Njoo, tafadhali, usitume pesa tu.

Shemeji hajambo? Na yule mdogo, kifua kimepona?

Dada yako