Hakuichana bendera, aliifumua

Mhariri,

Nasoma gazeti lako mwaka wa 19 huu na sijawahi kukuandikia. Makala yako kuhusu Sonya Clark, msanii wa Marekani, imenishinda kunyamaza. Mwandishi wako anasema mama huyo "aliichana" bendera ya majimbo ya Kusini ya Marekani, yale yaliyopigana vita ili utumwa ubaki. Hakuichana! Aliifumua. Tangu 2015 husimama bega kwa bega na mtu aliyepanga foleni, wakatoa uzi mmoja mmoja kwa vidole, na muda mrefu ukipita kimetoka kipande kidogo tu. Msusi yeyote angewaeleza tofauti hiyo, ila nani amuulize msusi.

Halafu kichwa cha habari: "Ageuza nywele kuwa sanaa". Ageuze nini? Katika kazi ile iliyopata tuzo ya ArtPrize, shindano la sanaa la Marekani, mwaka 2014, wasusi wa Richmond, Virginia, ndio waliomsuka yeye. Aliwapa kichwa chake, kisha akawapa turubai na uzi wa hariri waoneshe tena mkono wao. Majina yao yamo kwenye kazi. Kwenye makala yako hakuna hata moja.

Mimi nasuka Tanga tangu 1998. Mwaka juzi nilikodiwa kusuka wasichana sita wa maonyesho fulani, nywele za uzi, zile za kusimama kama za bibi zetu. Nilianza alfajiri, nikamaliza saa kumi, vidole vimevimba. Jioni nikarudi na dera langu jipya nione kazi yangu. Mlangoni nikaulizwa, "Mama, unamtafuta nani?" Karatasi yao ilimtaja mpiga picha, mfunga taa, hata aliyeleta sambusa! Nywele, nadhani, ziliota zikiwa zimeshasukwa.

Na wateja nao! Mtu analeta rasta za miezi mitatu, anajikalisha kwenye kigoda: "Ni kufumua tu, dada." Bure. Saa mbili zangu na mgongo wangu.

Yule binti mwandishi, picha yake iko juu ya makala, kasuka twende kilioni, safi kabisa, na jina la aliyemsuka halipo. Aje Jumanne, siku sina wateja, na roli mbili za uzi mweusi na elfu tano ya kufumua, mkononi kabla sijagusa kichwa. Nitamsuka. Mkipiga picha, chini muandike majina mawili, langu kwanza.

Msusi,
Ngamiani, Tanga