Maumivu ya hedhi yakizidi, msimwambie avumilie

Mhariri, naomba nafasi maana hili jambo linaniuma sana. Mwanamke akilalamika tumbo la hedhi anaambiwa avumilie, eti ndo uanamke wenyewe, akizaa litaisha, kumbe mwingine ana endometriosi na kuzaa sio tiba yake. Ni ugonjwa ambao tishu zinazofanana na zile za ndani ya kizazi zinaota nje yake, kwenye ovari, mirija, hata utumbo na kibofu, na zinaacha makovu. Shirika la Afya Duniani linakadiria unawapata karibu asilimia 10 ya wanawake na wasichana wa umri wa kuzaa, sio wachache hao!

Anaumwa mpaka anatapika, anashindwa kwenda shule au kazini, tendo la ndoa linakuwa mateso (hili wengi wanalificha hata kwa daktari), akienda haja akiwa kwenye siku zake anaumia, nyonga na kiuno vinauma hata hedhi ikiisha, tumbo linajaa, uchovu hauishi, na wengine wanahangaika kupata mimba. Halafu ultrasaundi inaweza isionyeshe kitu kabisa, na mwenye ugonjwa mdogo anaweza kuumia kuliko mwenye mkubwa, sasa mnamwitaje muigizaji?

Wazazi na waume, mpelekeni kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, aandike siku anazoumwa na anavyoumwa aende nazo. Tiba ya kuumaliza kabisa haijapatikana, ila dawa za maumivu na za homoni zipo, na wengine upasuaji unawasaidia.

Msomaji wenu