Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Kwa Nini Fainali Haikukimbiwa

Ndugu wanachama, wazee wetu wa gereji, vijana wa vijiweni, akina mama mliotulisha siku zote tatu, na wenzetu mlioamka alfajiri kutoka Lindi, Masasi na Newala ili muwahi mkutano huu hapa Mtwara: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe.

Katiba inamtaka mwenyekiti asome taarifa ya mwaka mzima, nami nitaisoma. Lakini swali mlilokuja nalo nalijua. Nimelisikia kijiweni, nimelisikia msibani, na wiki iliyopita kinyozi aliniuliza huku wembe uko shingoni kwangu: kwa nini Jumapili ile ya Agosti mwenyekiti aliinua bendera nyekundu ya kusimamisha mbio zetu za pikipiki, watu wakarudi nyumbani bila kuona fainali? Nianze na hilo. Mengine yatapata nafasi yakibaki na muda.

Mnakumbuka tulikotoka. Vijana wetu walikuwa wakishindana kwa pikipiki usiku barabara ya Mikindani, taa zimezimwa, dau limeshikwa na mtu wa tatu. Mmoja akavunjika mguu. Kikao kikasema kukataza peke yake tumeshakataza sana, tutafute mahali wakimbizane mchana na watu wazima wakiwepo. Familia moja ikatuazima eneo la wazi lililopakana na mikorosho yao. Tukachagua katikati ya Agosti kwa makusudi: ardhi imekauka, korosho hazijaanza kuanguka, na wale wa mbio za magari za Formula 1 walikuwa likizo tangu mbio za Hungaria za tarehe 3 hadi Uholanzi mwisho wa mwezi, hivyo hakuna ambaye angesingizia televisheni.

Kamati ikasema kitu ambacho wengi hamkukipenda. Tulisema haziwi mbio za Jumapili, zinakuwa siku tatu, na asiyekuja Ijumaa hapandi pikipiki Jumapili. Mkanuna. Mmoja wenu alisema tunaiga Wazungu. Sawa, lakini kabla hamjasema hivyo waulizeni wazee wenye Peugeot 404 walizozikalia utotoni: gari la aina hiyo lilishinda Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967, na dereva wake, Bert Shankland, alikuwa mkazi wa nchi hii. Mashindano yale yalipoanza mwaka 1953 yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Vumbi la mbio hizi ni letu pia.

Alhamisi tuliutembea uwanja kwa miguu, watu sita na fimbo. Tukapata visiki vinne vilivyofunikwa na nyasi, na shimo moja la mnyama ambalo gurudumu la Boksa lingezama hadi kwenye spoku. Kuna waliocheka kuona mwenyekiti anachokoa ardhi kama anatafuta ming'oko, viazi vyetu vya porini. Mwaka 2023 Formula 1 ilipokwenda Las Vegas, mji wenye pesa za kufuru, mazoezi ya kwanza yalisimama baada ya dakika nane hivi kwa sababu mfuniko wa valvu ya maji barabarani ulichomoka ukaipasua chini Ferrari ya dereva Carlos Sainz. Kama wao waliupita mfuniko wasiuone, sisi na visiki vyetu tuna haki ya kutembea mara mbili.

Ijumaa tulianza saa tisa alasiri, baada ya sala. Ningependa wote mngekuwepo, maana siku hiyo ndiyo tuliyojifunza zaidi kuliko zote. Tulipanga kuwatoa wanane wanane. Kundi la kwanza halikumaliza raundi mbili: aliyetangulia alikuwa anaona, wa pili alikuwa anakisia, na wa nane alikuwa anaendesha kwa kusikiliza. Vumbi letu jekundu mnalijua. Tukawashusha hadi watano watano, tukakodi toyo, pikipiki ya mizigo ya magurudumu matatu, ibebe mapipa ya maji na kumwagia kona mbili kati ya kundi na kundi. Mezani hakuna aliyekuwa amewaza maji. Kijana mmoja wa Newala, ambaye kila siku anateremka mteremko wa Makonde na magunia mawili nyuma, alianguka mara tatu kwenye kona ya kawaida kabisa. Pikipiki tupu ilimshinda. Amezoea uzito nyuma ndio umsaidie kusimama. Alitumia alasiri nzima kujifunza kukaa upya kwenye kiti, na Jumapili alikuwa wa pili katika kundi lake.

Hivyo ndivyo mazoezi yanavyofanya kazi hata huko juu. Katika wikiendi ya kawaida ya Formula 1 wana vipindi vitatu vya dakika 60, viwili Ijumaa na kimoja Jumamosi. Mtazamaji anadhani wanazurura. Wengine wametoka na tangi limejaa kuangalia tairi linavyokufa raundi baada ya raundi, wengine wana mafuta kidogo wakijaribu kasi ya raundi moja, na kila dereva ana seti 13 tu za matairi ya ardhi kavu kwa siku zote tatu, kwa hiyo hata kujaribu kuna bajeti. Msimu wa 2025 kila gari lilitakiwa mara mbili kwa mwaka liachiwe dereva mchanga katika kipindi cha kwanza cha Ijumaa. Hilo nalo tunaweza kulichukua: mwakani kila gereji ilete kijana mmoja ambaye hajawahi kushindana.

Jumamosi asubuhi ulikuwa ukaguzi, na hapo ndipo nilipopoteza marafiki. Pikipiki 24 zilifika mbele ya mafundi. Tuliangalia breki zote mbili, cheni, spoku, ekseli, kofia ngumu, na tukazungusha mkono wa mafuta na kuuachia kuona kama unarudi wenyewe. Saba zilikataliwa. Nne zikarekebishwa palepale na kurudi. Kati ya tatu zilizobaki nje, moja ni ya mpwa wangu. Alikuwa ameng'oa breki ya mbele nzima ili apunguze uzito, akanieleza kwa adabu kabisa kwamba kwenye mchanga breki ya mbele haina kazi. Nikamwambia mchanga ukiisha kuna mti. Mama yake, yaani dada yangu, hakunipigia simu wiki tatu.

Wapo waliosema tulikuwa wakali kwa vitu vidogo. Novemba tuliona wote, kwenye televisheni ya chama. Formula 1, Las Vegas tena: Lando Norris alimaliza wa pili na Oscar Piastri wa nne, magari ya timu ya McLaren yote mawili. Yakapimwa. Chini ya gari kuna ubao ambao sharti ubaki na unene wa milimita 9 angalau, ili watu wasilishushe gari likasugua lami. Wao ubao ulikuwa umelika kupita hapo kwa sehemu ndogo ya milimita. Wakafutwa wote wawili, pointi 18 za Norris zikaenda, na 12 za Piastri. Hakuna aliyewaonea huruma kwamba ni kidogo. Breki ya mbele ya mpwa wangu ni kubwa kuliko hiyo.

Mchana ulikuwa mchujo, mmoja mmoja dhidi ya saa. Sitaupamba: tulitumia simu mbili, na mara tano simu zilitofautiana. Tunanunua saa za kupimia. Basi.

Kilicholeta kelele zaidi Jumamosi ni kufungia pikipiki. Tulifuata utaratibu wa wenzetu wa Formula 1 ambao gari likishaingia kwenye mchujo mipangilio yake haiguswi tena mpaka mbio. Tukazifungia stoo, ufunguo akashika mzee mmoja asiye na mtoto wala mjukuu mshindani. Kimawazo ni safi. Lakini tulisahau kwamba wengi wa hawa vijana ni bodaboda, pikipiki ni ya tajiri, na Jumamosi usiku ndio usiku wenye abiria. Ukiifungia pikipiki umemfungia hesabu ya siku, ile anayompelekea tajiri. Walikuja kuniona saa moja usiku, wamesimama kwa heshima, lakini walikuwa wengi. Walikuwa na haki. Tukakubaliana chama kilipe hesabu ya usiku ule kwa kila mshindani aliyekuwa na tajiri. Mhazini atawasomea kiasi, na mtaona ndilo fungu lililovuka bajeti. Lawama ya hilo ni yangu, asibebeshwe mhazini. Mwakani tuliweke tangu mwanzo, au tufungie saa kumi alfajiri.

Sasa Jumapili.

Watu wa kanisani walipofika, saa sita, uwanja ulikuwa umejaa. Akina mama walikuwa wameuza ming'oko na pweza tangu asubuhi, na nasikia mmoja alimaliza sufuria mbili kabla ya bendera ya kwanza. Makundi matatu ya awali yalikimbia salama. Kundi la nne lilikuwa linapanga mstari, saa nane na dakika chache, nesi wetu aliponijia. Gari la wagonjwa lililokuwa limeegeshwa kwa ajili yetu lilikuwa limeitwa. Kuna mama mjamzito kijijini, hali si nzuri, gari jingine halipo karibu. Nesi hakuniomba ruhusa, alinitaarifu, na ndivyo inavyopaswa kuwa. Gari likaondoka na vumbi lake.

Nikaitisha bendera nyekundu. Pikipiki zikazimwa. Nikashika kipaza sauti nikasema gari likirudi tunaendelea.

Kusubiri katika jua la saa nane si mchezo. Saa tisa wakaanza kupiga miluzi. Saa kumi chupa mbili za maji ziliruka, moja ikatua karibu na mzee wa ufunguo, ambaye aliiokota akanywa. Mdhamini mmoja akaniita pembeni: "Mwenyekiti, raundi tatu tu, nipate picha." Nikamwambia picha nzuri ni ya watu wanaorudi nyumbani na miguu yao. Mjumbe mmoja wa kamati alipendekeza badala ya ambulansi tuweke Noah, gari la kawaida la abiria, yenye godoro. Nilikataa, na leo naandika jina la Noah kwenye taarifa ili ibaki kumbukumbu kwamba ilipendekezwa.

Waliosema nimetunga sheria yangu, niwakumbushe Ujerumani, uwanja wa Nürburgring, Oktoba 2020. Ijumaa nzima, vipindi vyote viwili vya mazoezi, hakuna gari la Formula 1 lililokimbia. Ukungu ulizuia helikopta ya wagonjwa kuruka kwenda hospitali. Madereva bora duniani, wamevaa, wamekaa, wanatazama mawingu. Helikopta yao ndiyo ambulansi yetu.

Gari lilirudi saa kumi na moja na nusu. Mama alijifungua mtoto wa kike, wote wazima, alhamdulillah. Vijana wa Chikongola wanamwita Fainali. Sijui kama wazazi wameshasikia.

Tungeweza kukimbia? Muda ulikuwepo, nusu saa na ushee kabla giza halijaingia. Lakini kona ya mwisho inaangalia magharibi. Nilikwenda nikasimama pale kwa urefu wa mtu aliyekaa kwenye pikipiki, nikatazama, na jua lilinipiga machoni kiasi kwamba mikorosho sikuiona. Matairi tuliyoyafunga kwenye vigogo vyake yalikuwa kivuli tu. Nikarudi nikainua nyekundu mara ya pili, na hiyo ndiyo iliyofunga siku. Uamuzi ulikuwa wangu peke yangu. Kamati iliambiwa, haikuulizwa. Kama mnataka mwenyekiti wa kuuliza kwanza, kura ziko mbele yetu alasiri hii.

Kuhusu zawadi, kundi la nne na fainali hazikukimbiwa, kwa hiyo hatukuwa na mshindi. Tukatoa nusu ya fedha kwa kufuata nafasi za makundi matatu, na waliokuwa kundi la nne tukawarudishia kiingilio. Nusu iliyobaki ipo benki. Mfano tulikuwa nao: Ubelgiji mwaka 2021, mvua ya Spa ilipowazuia, magari yakazungushwa nyuma ya gari la usalama kisha wakagawa nusu ya pointi. Watu walikasirika kule pia, tena wenye tiketi ghali kuliko soda yetu.

Mengine kwa haraka. Wanachama wapya wameongezeka, hasa kutoka Masasi. Ada bado inasuasua, na wanaodaiwa wanajijua, sitataja mtu. Televisheni ya chama ilifanya kazi vizuri mwaka mzima isipokuwa umeme ulipokatika wakati wa mbio mojawapo za Septemba, tukakimbizana na jenereta. Tarehe 7 Desemba, saa kumi jioni kwa saa zetu, ukumbi ulijaa hadi mlangoni kuangalia Abu Dhabi, mbio za kufunga msimu wa Formula 1: Max Verstappen akashinda mbio, Norris akawa wa tatu na bado akachukua ubingwa, 423 kwa 421. Pointi mbili, baada ya kupoteza 18 kwa ubao. Mpwa wangu alikuwa amekaa mstari wa mbele. Aligeuka akanitazama, sikusema kitu.

Kwa mwakani kamati inaomba idhini yenu kwa mambo mawili: kugeuza mwelekeo wa uwanja ili kona ya mwisho iangalie kusini, na kuwa na magari mawili ya wagonjwa, moja la uwanja na moja la akiba, au tusianze kabisa. La pili litagharimu. Mhazini anatikisa kichwa, namwona.

Jambo la mwisho ni matairi. Yale yaliyofungwa kwenye mikorosho bado yapo, tangu Agosti, na mwenye shamba ametukumbusha mara mbili kwa upole. Mvua zimeshaanza, yanatega maji na mbu. Kesho saa moja asubuhi tukutane palepale, njooni na visu vya kukatia kamba. Yule mwenye toyo, tafadhali njoo nayo.